Mtu Aliyeficha Mvinyo Chini ya Ardhi: Maisha ya Max Schubert

  Leo tunakwenda Australia, kwa mtu aliyeanza kazi akiwa tarishi na akafa jina lake likitajwa kwa heshima dunia nzima. Anaitwa Max Schubert, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mvinyo mwekundu wa Shiraz.

Najua wapo watakaokunja uso: sasa huyu ndugu yetu anatuletea habari za pombe? Nawaelewa. Wapo kati yetu waliokulia Ruwais kule Jeddah, au wana ndugu Riyadh, katika nchi iliyopiga pombe marufuku mwaka 1952 hata kwa wageni wasio Waislamu, na ambako duka la pombe la wanadiplomasia lililofunguliwa Riyadh mwaka 2024 lilikuwa habari ya dunia. Sikuandika ili mtu anywe. Nimeandika kwa sababu maisha ya mzee huyu yana jambo linalotuhusu sisi tulio shuleni: nini cha kufanya pale kazi yako inapohukumiwa kabla haijaiva.

Kwanza tumalizane na hilo jina, maana Mswahili wa pwani akiliona kwenye chupa lazima ashtuke. Shiraz? Hawa si ndio Washirazi wetu wa Kilwa, ndio Afro-Shirazi Party ya Zanzibar ya mwaka 1957 hadi 1977? Wapo waliosimulia kwamba zabibu hii nayo ilitoka mji wa Shiraz, Uajemi, ikapelekwa Ufaransa. Hadithi nzuri, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa vinasaba wa California na Montpellier waliipima wakakuta wazazi wake ni zabibu mbili za kusini mashariki mwa Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Kwa hiyo ni Mfaransa mwenye jina la Kiajemi. Wafaransa wenyewe huiita Syrah. Australia ilifika kwenye mkusanyiko wa miche ya James Busby, ulioletwa Sydney mwaka 1832, na huko ikastawi kuliko karibu kila mahali duniani.

TARISHI WA BAROSSA

Max Schubert alizaliwa tarehe 9 Februari 1915 katika eneo la Barossa, Australia Kusini, si mbali na mji wa Adelaide. Eneo lile lilijaa wahamiaji Wajerumani wa madhehebu ya Kilutheri, waliohama kwao karne ya 19 na kuja na dini yao, mikate yao na mizabibu yao. Yeye alikuwa mtoto wa jamii hiyo. Si mtoto wa tajiri, wala hakuzaliwa kwenye ukoo wenye shamba kubwa la zabibu.

Mwaka 1931, dunia ikiwa kwenye dhiki kuu ya uchumi, alipata kazi kwenye kampuni ya Penfolds katika mji mdogo wa Nuriootpa. Kazi yenyewe ilikuwa utarishi: tumwa hapa, peleka kule, beba hiki. Penfolds ilikuwa kampuni kongwe. Ilianzishwa mwaka 1844 na daktari Mwingereza, Christopher Penfold, na mkewe Mary, huko Magill nje kidogo ya Adelaide. Nyumba yao ndogo ya mawe waliiita Grange. Shika jina hilo, tutalirudia.

Kijana Schubert hakuridhika kubeba barua. Alijisogeza karibu na maabara, akauliza maswali, akahamia Magill, na jioni baada ya kazi akasoma kemia. Wale wanaofanya kazi za usiku hapa ughaibuni huku mchana wakiwa darasani wanajua hali hiyo, si mchezo.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja akajiunga na jeshi la Australia. Alipelekwa Mashariki ya Kati, Ugiriki, Krete na baadaye New Guinea. Akarudi salama, akarudi kazini, na mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 33, tarishi wa zamani akawa mtengenezaji mvinyo mkuu wa Penfolds. Hapo mtu angeweza kutulia akala maisha. Yeye ndio kwanza akaanza kuhangaika.

SAFARI YA ULAYA

Ili tuelewe hangaiko lake, inabidi tujue Waaustralia wa wakati ule walikuwa wanakunywa nini. Sehemu kubwa ya mvinyo wao ilikuwa ile mitamu iliyoongezwa pombe kali, aina ya sheri na port. Mvinyo mwekundu mkavu wa kukaa miaka ishirini au thelathini haukuwa biashara ya mtu yeyote pale.

Mwaka 1950 kampuni ilimtuma Ulaya. Alitumwa kujifunza sheri na port, huko Uhispania na Ureno. Lakini akapitia pia Bordeaux, Ufaransa, akapokewa na mfanyabiashara mkongwe aitwaye Christian Cruse. Huyo mzee akamwonjesha mivinyo yenye umri wa miaka 40 hadi 50. Schubert alishangaa. Ilikuwa bado hai, ina harufu, ina nguvu. Hakuwa amejua kwamba kitu kilichokamuliwa kutoka kwenye tunda kinaweza kuishi umri wa mtu mzima na kikazidi kuwa kizuri.

Akarudi nyumbani na swali moja kichwani: na sisi je, hatuwezi?

Tatizo, zabibu ya Bordeaux ni Cabernet Sauvignon, na Australia Kusini wakati huo ilikuwa chache mno. Shiraz ndiyo iliyojaa. Schubert hakukaa kulia kwamba hana cha Wafaransa. Alichukua alichonacho. Mapipa pia hakuiga ya Wafaransa: alitumia mapipa mapya ya mwaloni wa Marekani, ya karibu lita 300 kila moja.

JINSI ALIVYOFANYA

Wakati wa mavuno ya 1951 alichukua Shiraz kutoka Magill na Morphett Vale, kusini ya Adelaide. Rangi na nguvu ya mvinyo mwekundu haitoki kwenye maji ya zabibu bali kwenye ganda. Kwa hiyo maganda lazima yalowe. Lakini mvinyo unapochachuka, maganda huelea juu kama povu la togwa. Schubert akafunga mbao za kuyazuia yabaki chini ya juisi, na akapoza joto ili uchachukaji uende polepole kwa siku kama 12 badala ya kukimbia. Kisha, kabla haujamaliza kuchachuka, akaumimina kwenye mapipa matano mapya umalizikie humo. Sehemu nyingine aliiweka kwenye pipa kubwa la zamani kama ilivyozoeleka, apate kulinganisha. Hapo ndipo unapoona yale masomo ya jioni: kila jaribio lazima liwe na kipimo cha kulinganishia.

Baada ya miezi 18 hivi akaujaza kwenye chupa. Akaupa jina Grange Hermitage: Grange kwa ile nyumba ya daktari, Hermitage kwa kuwa Waaustralia waliiita Shiraz kwa jina la kilima maarufu cha Ufaransa inakolimwa.

Sasa mtu akiuonja mvinyo wa namna hii ungali mchanga anapata nini? Umewahi kuuma bibo ambalo halijaiva vizuri, au ndizi mbichi? Ule ukakasi unaokaba ulimi na kukausha fizi ndio huo huo. Unatoka kwenye ganda, kwenye mbegu na kwenye mbao za pipa. Mvinyo wa Schubert ulikuwa na ukakasi wa kutosha, rangi nzito karibu na nyeusi, na harufu ya mbao mpya.

Lakini ukakasi huo ndio akiba. Chupa ikilazwa gizani, mahali pa baridi kiasi cha nyuzi 12 hadi 15, pasipo kutikiswa, chembe za ukakasi hushikana taratibu zikawa nzito na kuzama chini kama mashapo. Ulimi unalainika. Rangi ya zambarau inaelekea rangi ya tofali. Harufu ya matunda mabichi inageuka, inakuja harufu ya ngozi, tumbaku na matunda makavu. Chupa hulazwa ubavu ili kizibo kibaki na unyevu, kikikauka hewa inaingia na mvinyo unageuka siki. Mvinyo mwepesi ukiulaza hivyo miaka ishirini utaukuta umekufa. Ule uliojengwa kwa ajili ya kukaa ndio unaoiva.

Na kwa taarifa, waonjaji wa kazi hawanywi. Wanatazama rangi mbele ya kitambaa cheupe, wanazungusha bilauri, wanavuta harufu, wanasukutua kinywani, kisha wanatema.

SIKU YA AIBU

Basi bwana, miaka ikaenda. Kila mavuno Schubert anatengeneza Grange, anaulaza chini ya ardhi Magill. Kufikia 1956 fedha ya kampuni imelala pale kwenye machupa na hakuna kilichouzwa. Wakubwa wa makao makuu Sydney wakataka kuona kinachoendelea. Wakaita wajuzi wa mvinyo wenye majina, ikaandaliwa hafla ya kuonja Grange zote tangu ile ya 1951.

Ikawa kasheshe. Hakuna aliyeusifu. Mmoja alimpongeza kwa kejeli kwamba ametengeneza port kavu nzuri sana ambayo hakuna mwenye akili timamu angeinunua, mwingine akafananisha ladha yake na sisimizi waliopondwa. Schubert akarudi Adelaide, akajaribu tena kuwaonjesha watu wa huko, mambo yakawa karibu yale yale. Kabla ya mavuno ya 1957 ikaja barua kutoka Sydney: Grange basi. Akapigwa stopu.

Tujiweke mahali pake kidogo. Ana umri wa miaka 42. Amepanda kutoka utarishi hadi juu. Kazi yake ya miaka sita imechekwa mbele ya watu, na sasa ana amri kwa maandishi. Wengi wetu tungesema yaishe, mshahara unaingia, hela ya mtu hiyo.

MIAKA MITATU YA KUFICHA

Schubert hakuacha. Lakini hakuwa peke yake, na hili watu hulisahau wanapomsimulia. Pale Magill alikuwapo Jeffrey Penfold Hyland, msaidizi wa meneja mkuu, mtu wa ukoo wenyewe wa Penfold. Huyu aliuamini mvinyo, akafumba macho na kumlinda. Sydney iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Adelaide, na wakubwa hawakuwa na desturi ya kushuka kwenye mahandaki kuhesabu chupa.

Basi mwaka 1957, 1958 na 1959 Grange ilitengenezwa kimya kimya. Kiasi kikawa kidogo. Mapipa mapya hayakuwezekana, maana kuomba hela ya mapipa ni kujitangaza mwizi, hivyo akatumia yaliyokwisha kutumika. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba mivinyo ya miaka hiyo ilipungukiwa. Chupa zilifichwa kwenye mahandaki, mbali na macho ya wageni.

Tuseme ukweli: alikuwa anamdanganya mwajiri wake, tena kwa mali ya mwajiri. Kama mvinyo ule ungeoza, leo tungekuwa tunasimulia habari za mfanyakazi mkaidi aliyefukuzwa kazi kwa haki. Sitaki mtu asome hapa kisha akamfiche msimamizi wake tasnifu aliyoikataa.

Lakini tazama vizuri ukaidi wake ulisimama juu ya nini. Alikuwa ameonja Bordeaux mvinyo wa miaka 50, kwa ulimi wake mwenyewe. Alikuwa na kipimo cha kulinganishia tangu pipa la kwanza. Na alikuwa anashuka kuonja chupa zake, akiona mwaka hadi mwaka ukakasi unapungua. Ukaidi wa namna hiyo ni tofauti na wa mtu anayesema nyinyi wote hamjui, mimi tu ndiye najua.

CHUPA ZILE ZILE

Wakati ukafanya kazi yake. Chupa za 1951 hadi 1955 zilianza kulainika. Watu walioonja wakaanza kunong'ona, minong'ono ikafika Sydney, bodi ikaonja tena. Kabla ya mavuno ya 1960 ikaja amri nyingine: anza kutengeneza Grange tena. Kumbe mwenyewe hakuwa ameacha hata mwaka mmoja!

Mwaka 1962 Grange ya 1955 ilipelekwa kwenye mashindano ya Sydney ikapata medali ya dhahabu. Na haikuishia hapo, ilikusanya zaidi ya medali 50 za dhahabu katika mashindano ya Australia. Mwaka 1979, kwenye mashindano ya Paris, Grange ya 1971 ilishika nafasi ya kwanza kati ya Shiraz, ikawapita Wafaransa kwenye zabibu yao wenyewe.

Sasa hapa ndipo napenda tusimame. Ile Grange ya 1955 iliyopata medali ilikuwa miongoni mwa zile zile zilizochekwa. Haikubadilishwa kizibo, haikuongezwa sukari. Je, wale wajuzi wa mwanzo walikuwa waongo? Hapana. Walionja kwa uaminifu na wakasema walichokikuta: mvinyo mkali, wenye ukakasi, usionyweka. Siku ile ilikuwa kweli. Kosa lao ni swali. Waliulizana kama ni mzuri leo, wakati uliumbwa kujibu swali la miaka ishirini mbele. Na aliyeutengeneza alikuwa hajapata njia ya kuwaeleza hivyo wakamwelewa.

MWISHO WAKE

Katikati ya miaka ya 1970 Schubert alimwachia usukani Don Ditter. Mwaka 1984 alipewa nishani ya Order of Australia, na mwaka 1988 jarida la Decanter la Uingereza likamtaja mtu wa mwaka katika mambo ya mvinyo. Alifariki tarehe 6 Machi 1994, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka uliofuata, 1995, jarida la Marekani la Wine Spectator likaitangaza Grange ya 1990 kuwa mvinyo wa mwaka. Mwenyewe hakuwepo kusikia.

Utajiri je? Aliajiriwa maisha yake yote, faida ilikwenda kwa kampuni. Grange ya 1951 haikuuzwa kamwe madukani, chupa zake aligawa bure kwa marafiki. Mwaka 2021 chupa moja ya hiyo ilipigwa mnada kwa bei inayopita dola 150,000 za Australia.

Zile za kujificha nazo hazikukosa visa. Mwaka 2014 waziri mkuu wa jimbo la New South Wales, Barry O'Farrell, aliiambia tume ya kuchunguza rushwa kwamba hakupokea zawadi ya chupa ya Grange ya 1959, mwaka wake wa kuzaliwa. Kesho yake ikatolewa kadi ya shukrani yenye mwandiko wake. Akajiuzulu. Chupa iliyotengenezwa kinyume cha amri ikaja kumwangusha kiongozi wa jimbo miaka 55 baadaye.

Na ile kampuni iliyompiga stopu? Tangu 1991 imekuwa ikiandaa siku ambazo wenye chupa kuukuu, za miaka 15 na zaidi, wanaziletea zikaguliwe na kubadilishiwa vizibo. Mtu anafika na chupa ya babu yake imefungwa kwenye blanketi, kama anampeleka mtoto kliniki.

Kwetu sisi tulio mbali na nyumbani, wahenga wametuambia mvumilivu hula mbivu. Kwa mzee Schubert nimejifunza kwamba kuvumilia peke yake hakutoshi. Alikuwa na ushahidi, alikuwa na mtu mmoja wa kumlinda, na alikuwa na mahali pa giza pa kusubiri. Yeyote kati yetu aliyerudishiwa kazi yake imejaa wino mwekundu ajiulize kwanza kama anavyo hivyo vitatu. Kama anavyo, ailaze. Kama hana, basi huenda wajuzi wamesema kweli, aanze upya bila aibu.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.